Jicho la Umeme na Namba Yake Forodhani

(Maneno haya yalisemwa na kamati mbele ya mkutano wa makarani wa forodha, watunza bohari na mafundi wa viwandani. Yamepigwa chapa hapa kwa ajili ya wanachama waliokuwa zamu siku ile.)



Wengi wametuuliza kwa nini chama cha wafanya kazi kishughulike na vitabu vya forodha, kazi ambayo ati ni ya Serikali na ya wenye mali. Jibu letu ni karatasi ya mshahara ya mwenzetu mmoja.

Mwenzetu huyu ni karani katika kampuni ya kutoa mizigo forodhani. Jina lake hatulitaji, wala la kampuni. Siku moja ulifika mzigo kwa ndege, maboksi mawili tu, mtu mmoja angeweza kuyabeba begani. Ankara ilisema neno moja: “sensa, vipande 400.” Mwenye mzigo ni kiwanda cha kujaza chupa. Karani akafungua faili la mwaka uliotangulia, akakuta mzigo ulioitwa vivyo hivyo ukipewa namba ya vyombo vya kupimia katika Sura ya 90, naye akaandika namba ile ile. Afisa wa forodha akafungua boksi, akatazama, akasema: hivi si vyombo vya kupimia, hizi ni swichi, mahali pake ni Sura ya 85. Mzigo ukazuiwa. Pesa za bohari zikaanza kuhesabiwa siku kwa siku. Kule kiwandani ukanda wa mashine ukasimama kwa kukosa vipande hivyo. Mwenye kiwanda akaikaripia kampuni, na kampuni ikamgeukia karani kwa barua: hasara yote itakatwa katika mshahara wako kila mwezi mpaka iishe. Hakuulizwa neno hata moja.

Habari ilipotufikia, baadhi yetu tuliruka kusema kwamba afisa ndiye mkosaji. Tulipochunguza tuliona afisa alikuwa na haki. Namba ilikuwa mbaya kweli. Na yale makato pia yalikuwa mabaya. Hayo ni mambo mawili mbalimbali, na mkutano wa leo ni wa kuyatenga.

Kwanza kitabu chenyewe. Namba tunazoandika kwenye entri zinatoka katika utaratibu uitwao HS, ambao mkataba wake ulifanywa Brussels mwaka 1983 ukaanza kutumika tarehe 1 Januari 1988. Siku hizi hutumiwa na nchi na himaya zaidi ya 200. Vitu vyote vya biashara, toka ng'ombe hai mpaka picha za ukutani, vimegawanywa katika sura, na sura ya mwisho ni ya 97. Tarakimu mbili za kwanza ni sura. Nne za kwanza twaziita kichwa. Sita za kwanza ni za dunia nzima. Mbili za mwisho, zinazofanya jumla ya nane, ni zetu wenyewe wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa hivyo karani wa Mombasa na karani wa Rotterdam wakiandika tarakimu sita za kwanza, wanasema kitu kimoja ingawa hawajuani.

Umoja wetu wa forodha ulianza mwaka 2005. Tangu tarehe 1 Julai 2022 kitabu chetu kina madaraja makuu manne ya ushuru: sifuri, asilimia 10, asilimia 25 na asilimia 35. Sifuri ni hasa kwa malighafi na mitambo, 10 kwa vitu vilivyofanyiwa kazi kidogo vinavyoingia viwandani, 25 kwa vitu vilivyokamilika, na 35 kwa vitu fulani vilivyokamilika ambavyo nchi zetu zaona zaweza kuvitengeneza zenyewe. Hatutawasomea leo kila kitu kiko daraja gani, kwa kuwa kila mwaka ifikapo katikati ya mwaka Gazeti la Jumuiya hutoka na mabadiliko, na nchi moja huweza kuomba kiwango chake kwa mwaka mmoja. Namba hukaa kwa miaka, kiwango huhama. Atakayekuambia kiwango kwa kichwa bila kufungua Gazeti, mshukuru kisha ufungue Gazeti.

Sasa tazameni sinia hii. Fundi mmoja wa redio na mitambo, mwanachama wetu, ametuazima vipande hivi, na tafadhali virudi vyote. Vyote hivi ankara huviita “sensa”, au “sensa za mwanga”, au “vipuri vya elektroniki”. Ndipo taabu inapoanzia. Neno “sensa” halikupi namba. Katika kitabu kizima hakuna kichwa kimoja kilichowekewa sensa zote. Kitabu hakikuulizi kitu hiki kinaitwaje sokoni. Hukuuliza kimeumbwaje, na hufanya nini chenyewe, si mashine ile kinakokwenda.

Chukueni hiki kidogo, mfano wa punje ya mchele. Ni fotodiodi. Mwanga ukikigusa, umeme hupita; ukiondoka, hukoma. Kimetolewa katika kile chombo cha hospitali kinachobanwa kidoleni kupima hewa iliyomo katika damu. Chombo kile hutia taa mbili ndani ya nyama ya kidole, moja nyekundu na moja isiyoonekana kwa macho, na fotodiodi hupokea ng'ambo ya pili mwanga uliosalia. Chombo kizima ni cha uganga, kichwa 9018. Makarani wengi husema: basi na punje hii ni kipuri cha uganga, ipelekeni 9018. Sivyo. Maelezo ya Sura ya 90 yasema kipuri ambacho chenyewe kina kichwa chake katika Sura ya 84, 85, 90 au 91 huenda kwenye kichwa chake. Na fotodiodi ina kichwa chake, 8541, ndani yake 8541.49. Zile taa mbili nazo ni 8541.41. Haidhuru zimenunuliwa na hospitali au na mtengeneza vinyago vya watoto.

Lakini kibanio kizima cha kidole, pamoja na waya na plagi yake, kilichofanywa kwa ajili ya mashine ile tu na hakifai kwingine, hicho si diodi tena. Hicho kweli kinaifuata mashine ya uganga. Mmeona basi: kitu kile kile, kabla ya kufungwa katika kibanio na baada ya kufungwa, kina sura mbili za kitabu.

Cha pili ni fototransista. Hapa kuna mtego ambao umewanasa hata wakubwa zetu katika kazi. Karani huona neno transista, hukimbilia mstari wa transista, 8541.21 au 8541.29. Angesoma mstari mpaka mwisho angekuta maneno “isipokuwa zile zinazohisi mwanga”. Kwa hivyo hurudi pale pale penye fotodiodi, 8541.49.

Cha tatu, hiki cheusi chenye miguu minne kama mdudu. Mafundi hukiita optokapla. Ndani yake mna taa ndogo na jicho dogo vikitazamana gizani. Umeme wa upande mmoja huwasha taa, jicho huiona, na upande wa pili huitikia bila waya kugusana. Mwanga wake hautoki nje kamwe. Wengi hukiita rilei, wakakipeleka kwenye swichi. Vitabu vya ufafanuzi vya Shirika la Forodha la Dunia vimekitaja waziwazi pamoja na vitu vya kuhisi mwanga katika 8541.

Na ndugu yake mkubwa yuko juu ya paa la nyumba zenu. Ubao wa sola, kwa kitabu cha forodha, ni jamaa moja na punje ile ya mchele, maana vyote hugeuza mwanga kuwa umeme kwa njia moja. Mpaka toleo la mwaka 2017 vilikaa pamoja katika namba moja, 8541.40, pamoja na taa zile ndogo. Toleo la 2022 likaivunja namba hiyo vipande vinne: taa 8541.41, seli za jua zisizounganishwa 8541.42, seli zilizounganishwa kuwa ubao 8541.43, na vilivyobaki 8541.49. Tunalisema hili kwa sababu bado tunaona ankara kutoka ng'ambo zenye 8541.40, na karani akainakili kama ilivyo. Namba hiyo haiko tena. Toleo jingine la dunia limepangwa kuanza tarehe 1 Januari 2028, nanyi msishangae mkikuta namba nyingine zimehama.

Hiki bapa chenye kioo juu ni chipu ya kamera, ile inayopokea picha. Hapa hapana jicho moja bali macho mamilioni juu ya kipande kimoja cha silikoni, na saketi za kuyasoma zimechongwa humo humo. Hiyo ni saketi unganishi, 8542. Na kuna maelezo katika Sura ya 85, namba 12 katika toleo la sasa, ambayo tunawaomba myakariri: kitu kikiwa kweli ni cha 8541 au 8542 kama maelezo hayo yanavyoeleza, vichwa hivyo viwili hushinda vichwa vingine vyote, ukitoa 8523 peke yake, hata kama kwa kazi yake kingeweza kwenda kwingine. Maelezo hayo yameokoa mizigo mingi. Lakini hayakusudii kila kitu chenye chipu ndani. Chipu ikishafungwa katika nyumba pamoja na lenzi, ubao wa saketi na tundu la waya, na kitu kizima kikapiga picha chenyewe, mwafikiria kamera sasa, 8525. Katikati ya chipu tupu na kamera kamili mna moduli za namna nyingi, na hapo ndipo mabishano yanapokaa. Hapo msikisie. Tutafika.

Lenzi tutazipitia upesi, ingawa zina utamu wake. Kioo kilichomiminwa kwa umbo la lenzi lakini hakijasuguliwa kitaalamu ni kioo tu, 7014. Kikisha kusuguliwa lakini hakijafungwa katika kishikio, 9001. Kikifungwa katika kishikio chake kuwa sehemu ya chombo, 9002. Kidole chako ukikipitisha ukingoni unaweza kujua ni kipi kati ya hivyo viwili vya mwisho. Karani aliyeko ofisini, mwenye ankara tu, hawezi.

Sasa tumefika kwenye kile kilichomponza mwenzetu. Ni hiki chenye nyumba ya plastiki ya manjano, urefu wa kidole gumba. Kina taa na jicho. Hufungwa kando ya ukanda wa mashine. Chupa ikipita, mwanga hukatika, nacho hufunga au hufungua mkondo wa umeme. Mwenzetu alifikiri hivi: kiwandani hutumika kuhesabia chupa, kuhesabu ni kupima, basi ni Sura ya 90. Na kwa kweli mashine za kuhesabu mazao ya kiwanda zina kichwa chao, 9029, na vyombo vya kupimia kwa mwanga viko 9031. Hakuwa mjinga. Tena kitabu chasema kwamba vitu vya Sura ya 90 havimo katika sehemu ile yenye Sura ya 85, kwa hivyo kama kingekuwa chombo cha kupimia kweli, Sura ya 90 ingeshinda.

Aliyetufungua macho ni fundi wa kiwanda kile kile, mwanachama wa chama chetu pia, aliyekuwa akivifunga na kuvifungua vitu hivi kwa miaka. Tulimwuliza: hiki hupima nini? Akacheka. Akasema: “Hakipimi kitu. Hakijui chupa ngapi, hakijui ni chupa. Hujua kuna kitu au hakuna kitu, basi. Anayehesabu ni mashine ile nyingine kule kabatini.” Maneno hayo machache yalitosha. Kitu cha kufunga na kufungua mkondo wa umeme usiozidi volti 1,000 ni swichi, kichwa 8536, ndani yake 8536.50. Afisa alikuwa sawa.

Sasa mtazameni nduguye huyu, nyumba yake ya manjano ile ile, kampuni ile ile, karibu bei moja. Huyu hutoa mwale wa leza na kukuambia kitu kiko umbali wa milimita ngapi. Huyu anapima. Huyu yu katika Sura ya 90 bila shaka, na kumwita swichi ni kosa la upande wa pili. Vyote viwili huja katika boksi moja, na ankara huviita sensa.

Ndugu, fundi yule na karani yule wako katika chama kimoja, wanalipa ada moja, na hawakuwa wamewahi kusemezana hata siku moja. Mmoja alikijua kitu na hakuijua namba. Mwingine alizijua namba na hakukiona kitu. Katikati yao walikaa waajiri wawili na karatasi moja yenye neno “sensa”.

Mtauliza fedha ni ngapi, hata watu wagombane. Tufanye hesabu ya mfano. Mzigo una thamani ya shilingi 1,000,000. Ukiwa katika daraja la sifuri, ushuru ni hakuna, na kodi ya VAT ya asilimia 16 ni shilingi 160,000. Ukiwa katika asilimia 25, ushuru ni 250,000, na VAT hutozwa juu ya thamani pamoja na ushuru, yaani juu ya 1,250,000, ambayo ni 200,000. Jumla 450,000. Tofauti ni shilingi 290,000 kwa mzigo unaobebwa begani, bila kutaja ada nyingine. Karani wetu angekatwa mshahara wake miaka.

Tena kuna jambo linalowagusa ninyi wa viwandani kuliko makarani. Madaraja yale ya ushuru yalitengwa ili vipande viingie kwa nafuu na kitu kizima kiingie kwa ghali, kusudi kazi ya kuunganisha ifanywe hapa. Kiwanda cha kuunganisha simu kilichofunguliwa Athi River mwaka 2023 ni mfano mnaoujua. Kila simu ina macho kadhaa: la kamera, la kupima mwanga wa chumba, la kuzima kioo ukiiweka sikioni. Vipande vikiandikwa vibaya kana kwamba ni vyombo kamili, kuunganisha hapa kunapoteza faida, na anayepoteza kwanza ni mwenye kibarua. Kwa upande wa pili, wako wajanja wanaoagiza kitu kizima, wakakifungua vipande, wakakitia katika boksi moja na kuita vipuri. Kanuni ya pili ya kitabu inawajua: kitu kilichofunguliwa, kikija pamoja, ni kitu kizima, hata kikipungukiwa kidogo ikiwa tabia yake kuu ipo. Hatuwatetei watu hao. Mtu afungaye parafujo sita hakuunda kiwanda.

Na msidhani ubishi huu ni wa Afrika peke yake. Nchi za Ulaya zilishtakiwa mwaka 2008 mbele ya Shirika la Biashara la Dunia na Marekani, Japani na Taiwan, kwa sababu zilitoza ushuru vioo bapa vya kompyuta na mashine nyingine ambazo ziliahidi kuziacha bila ushuru katika mkataba wa mwaka 1996. Wao walisema: kioo hiki kinaweza kuonyesha televisheni, kwa hivyo si cha kompyuta tu. Mwaka 2010 waliamuliwa kuwa wamekosa. Mkataba huo uliongezwa bidhaa 201, na mahali ulipoongezwa ni hapa hapa Nairobi, Desemba 2015, katika mkutano wa mawaziri wa shirika hilo. Kenya ilikuwa mwenyeji, ikaandaa ukumbi na chai, lakini haikuwa miongoni mwa nchi zilizotia sahihi. Kwa hivyo msomapo katika magazeti ya ng'ambo kwamba vipande fulani vya elektroniki havina ushuru duniani, kumbukeni ya kwamba hapa hutawala kitabu cha Jumuiya.

Sasa tuje kwenye haki, ambalo ndilo lililotuleta.

Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004, kifungu cha 147, yasema wakala aliyeidhinishwa anayefanya jambo kwa niaba ya mwenye mali huhesabiwa kama mwenye mali, naye huwajibika kulipa ushuru. Wakala ni nani? Ni mwenye leseni. Leseni haiko kwa jina la karani. Faida ya mzigo haikuwa ya karani, na madeni ya mzigo hayawezi kuwa yake kwa ujanja wa barua moja. Forodha inaweza kurudi kudai ushuru uliopungua ndani ya miaka mitano, na hata baadaye kama kulikuwa na udanganyifu. Fikirini karani aliyeacha kazi miaka mitatu iliyopita akifuatwa nyumbani!

Lakini tusidanganyane. Kifungu cha 203 cha sheria hiyo hiyo kinamshika mtu yeyote anayeandika entri ya uongo au yenye kosa, na adhabu yake ni kifungo kisichozidi miaka mitatu au faini isiyozidi dola 10,000. Chasema “mtu”, hakikusema “mwajiri”. Kwa hivyo mkubwa wako akija mezani akakuambia, weka ile namba ya sifuri, mzigo utoke, nawe wajua kitu ni kingine, mwambie aandike agizo lake katika karatasi na kutia sahihi. Akikataa kutia sahihi, umekwisha kupata jibu. Njoo kwa mwakilishi wa chama siku ile ile, usingoje kesho. Chama kitamtetea aliyekosea kwa kukosa habari. Aliyeandika uongo huku akijua, hata akiwa ameshurutishwa, tutamsaidia kwa wakili, ila hatuwezi kumwambia hana kesi.

Kuhusu makato, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inaruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika au kupotea kwa kosa la mfanya kazi la kukusudia. Tazameni neno hilo, kukusudia. Pesa za bohari zilizoongezeka kwa sababu ya ubishi wa namba si mali iliyopotea mikononi mwa karani, na karani aliyefuata faili la kampuni hakukusudia kitu. Na kifungu cha 41 chasema mtu asiachishwe kazi kwa kosa kabla hajaelezwa sababu kwa lugha anayoifahamu, akiwa na mwenzake au mwakilishi wa chama pembeni yake, na maneno yake yasikilizwe.

Tulikwenda na mwenzetu mbele ya mwajiri wake. Hatukubishana juu ya namba. Tulisema mapema kwamba afisa alikuwa sawa, na hilo liliwashangaza, walikuwa wamejitayarisha kwa ubishi huo tu. Tuliuliza swali moja: karatasi ya maelezo ya kiwanda, ile inayosema kitu hiki ni swichi ya mwanga, ilikuwa wapi? Ilikuwa katika barua za meneja, imekaa siku tisa. Iliwasili kabla ya mzigo. Karani hakuonyeshwa. Baada ya hapo mazungumzo hayakuchukua muda. Makato ya miezi miwili yamerudishwa, na barua imetolewa katika faili lake. Pesa za bohari kampuni na mwenye kiwanda wanadaiana wao kwa wao, na huo si ugomvi wetu.

Yako mambo ambayo karani anaweza kufanya kabla mambo hayajafika huko. Sheria inaruhusu kuomba uamuzi wa namba mapema, kwa maandishi, kabla mzigo haujapanda meli. Mamlaka ya Ushuru hupokea maombi hayo pamoja na maelezo ya kitu, picha, na pengine kipande cha mfano. Kwa moduli zile za kamera tulizosema, hiyo ndiyo njia ya pekee ya kulala usingizi. Waajiri hawaipendi kwa kuwa huchukua muda, halafu mzigo ukizuiwa hutumia muda mrefu zaidi. Na kama uamuzi wa afisa unaonekana si wa haki, mwenye mzigo ana siku 30 za kumwandikia Kamishna autazame upya, naye Kamishna ana siku 30 za kujibu. Akinyamaza, ombi huhesabiwa limekubaliwa. Baada ya hapo kuna baraza la rufaa, na muda wa kufika huko ni siku 45. Siku hizo hazingojei mtu. Tumeona haki nzuri ikifa kwa sababu barua ilikaa katika droo.

Kamati imekubaliana na mafundi wa viwanda vitatu kwamba karani mwanachama akipata ankara yenye neno “sensa” na hana maelezo, anaweza kuwauliza kwa simu, na fundi atajibu maswali manne: kina nini ndani, kinapokea nini, kinatoa nini, na peke yake kinafanya kazi gani. Majibu huandikwa, hutiwa tarehe, na kuwekwa katika faili la mzigo. Hati hizo zihifadhiwe miaka mitano. Orodha ya mafundi hao iko kwa Katibu. Hatukuipiga chapa hapa kwa kuwa waajiri nao husoma gazeti hili, na hatujaafikiana nao bado juu ya saa za kazi.

Karani yule amekaa mstari wa pili, na amesema tuwaambie kwamba faili la mwaka uliotangulia amelikagua lote. Amekuta mizigo mingine mitatu yenye namba ile ile mbaya, na ameiandikia kampuni ili irekebishe yenyewe kabla haijafuatwa. Barua yake imepokelewa na kupigwa mhuri. Nakala tunayo.

Sasa mwenye ankara mfukoni ailete hapa mezani. Fundi amekubali kukaa nasi nusu saa, na sinia iko hapa.